Damu Haina Hatia

Hapana mzigo ulio mwepesi kwa mtupaji na mzito kwa mbebaji kama lawama. Neno hutoka kinywani kwa pumzi moja, lakini aliyetupiwa hulibeba mpaka kaburini, na pengine huwaachia watoto wake walibebe baada yake. Katika insha hii nataka kushindana na lawama moja iliyozoeleka mno kati yetu, nayo ni ile inayotupiwa jamaa za mtoto aliyepatwa na ugonjwa wa kisukari. Mtoto huugua leo. Kesho watu huanza kuuchimbua ukoo wake kama wachimbao kisima. "Ni damu ya kwao," husema mmoja. "Ni upande wa mama," huongeza wa pili. Wa tatu hunyamaza, lakini posa aliyoikusudia kwa dada wa mgonjwa haifiki tena.

Wasemao hivyo hawakosi methali ya kujitetea. Husema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Methali ni mali tuliyoachiwa na wazee, nami sizidharau. Lakini hizo zilisemwa juu ya tabia na malezi. Hazikusemwa ziwe cheti cha daktari. Tena watu hawa hudhani kwamba elimu ya urithi iko upande wao. Nitaonyesha, msomaji, kwamba elimu hiyo ndiyo inayowakana.

Kwanza yafaa tujue ni ugonjwa gani tunaouzungumza, maana jina la kisukari limefunika maradhi zaidi ya moja. Aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, huwapata hasa watu wazima: mwili hutengeneza insulini lakini hauitii vyema, na unene na ukosefu wa kazi ya viungo huuzidishia ukaidi huo. Aina ya kwanza ni jambo jingine. Hii huwapata hasa watoto na vijana, ingawa mtu mzima naye aweza kupatwa nayo. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, na ndani yake mna mafungu madogo ya seli yaliyotawanyika kama visiwa baharini. Mjerumani Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869, na jina insulini lenyewe latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Seli za visiwa hivyo ziitwazo beta ndizo zinazotengeneza insulini, na insulini ndiyo ufunguo unaoifungulia sukari mlango ili itoke katika damu na kuingia katika seli za mwili. Katika aina ya kwanza, seli hizo za beta huuawa. Ufunguo ukipotea, sukari hujaa katika damu huku mwili ukifa njaa, kama mtu afaye kiu hali miguu yake imo majini.

Ni nani mwuaji wa seli hizo? Si sukari aliyolamba mtoto, wala si jicho la jirani. Mwuaji ni mlinzi mwenyewe. Mwili una askari wake, nao ndio mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na vijidudu vya maradhi. Katika ugonjwa huu askari hukosea. Huwadhania wenyeji kuwa wageni, wakazishambulia seli za beta. Vita hivyo huacha alama katika damu, yaani kingamwili zisizoelekezwa kwa adui wa nje bali kwa mwili wenyewe. Mwaka 1974 Gian Franco Bottazzo na wenzake mjini London walitangaza kwamba wameziona kingamwili za namna hiyo katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Leo zajulikana nne zilizo mashuhuri: moja hupinga insulini, ya pili hupinga kimeng'enya kiitwacho GAD, na mbili zilizobaki hupinga protini ziitwazo IA-2 na ZnT8. Zichukulie kingamwili hizi kuwa kama moshi. Si moshi unaoteketeza nyumba, lakini auonaye hujua kwamba moto umekwisha kuwashwa.

Sasa tuje kwenye urithi, maana hapa ndipo wapinzani wangu husimama wakashangilia. Ni kweli, jeni zina sehemu katika jambo hili. Sitaficha, kwa kuwa hoja inayoshinda kwa kuficha ukweli haikushinda. Katika kromosomu ya sita ya binadamu mna kundi la jeni liitwalo HLA, ambalo huwasaidia askari wa mwili kumtambua mwenyeji na mgeni. Tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba aina fulani za jeni hizo, hasa zile ziitwazo DR3 na DR4, huonekana kwa wagonjwa zaidi kuliko kwa watu wengine. Wataalamu hukadiria kwamba kundi hili peke yake hubeba karibu nusu ya sehemu yote ya urithi katika ugonjwa huu. Nusu iliyosalia imegawanyika katika jeni nyingine nyingi, kila moja ikiongeza chembe tu.

Hata namna kingamwili zinavyojitokeza hufuata jeni. Uchunguzi uitwao TEDDY, ulioanza kuwaandikisha watoto mwaka 2004, uliwapima watoto wachanga zaidi ya 400,000 katika nchi za Marekani, Ufini, Ujerumani na Uswidi, ukachagua zaidi ya 8,000 wenye jeni za hatari, ukawafuata mwaka baada ya mwaka. Ikaonekana kwamba kwa watoto wenye DR4, kingamwili ya kwanza mara nyingi ni ile ya kupinga insulini, nayo huja mapema, pengine kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Wale wenye DR3 mara nyingi huanza na kingamwili ya kupinga GAD, nayo huja baadaye zaidi. Basi jeni hazisemi tu nani yumo hatarini. Hugusa hata njia ambayo hatari hiyo itapitia.

"Umekiri!" atasema mpinzani. "Basi ni damu." La, usifanye haraka. Jiulize: katika watoto hao zaidi ya 8,000, ambao kila mmoja alichaguliwa kwa sababu ya hatari iliyo katika jeni zake, wangapi walipatwa? Walio wengi kabisa walipita utoto wao bila kuonekana na hata kingamwili moja ya kudumu. Ikiwa damu ni hukumu, mbona wengi hivyo wameachiliwa?

Tuwatazame mapacha wa kufanana, waliotokana na yai moja, ambao jeni zao ni zile zile. Lau ugonjwa huu ungekuwa damu tupu, mmoja angeugua na mwenzake asiponyoke kamwe. Lakini katika uchunguzi mwingi, pacha wa pili alipatwa chini ya mara moja katika mbili. Wako waliofuatiliwa kwa miaka mingi sana, na hesabu yao ikapanda kupita nusu. Hata hivyo wamesalia wale wazeekao bila kuugua, na wengine hupishana miaka mingi kati ya mmoja na mwenzake. Mapacha ni mbegu mbili za suke moja. Ikiwa moja yaota na nyingine yalala, mkulima mwenye akili hataitukana mbegu; atauchunguza udongo na mvua.

Na tukiwaacha mapacha, tutazame nchi. Ufini ndiyo nchi iliyojulikana kwa miaka mingi kuwa na watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Ng'ambo ya mpaka wake wa mashariki iko Karelia ya Urusi, ambako watu wana jeni za hatari zilizofanana sana na za Wafini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba ugonjwa huu ulikuwa Ufini mara sita zaidi kuliko Karelia. Jeni karibu ni moja, mpaka ni mmoja, bali maradhi hayakulingana. Liko jambo katika maisha ya watu, pengine vijidudu wanavyokutana navyo utotoni, pengine mengine, ambalo huuwasha moto au kuuacha usiwake. Wataalamu wangali wanalitafuta, lakini kwamba lipo ni yakini.

Sasa nawaendea wale wanaomsonta mama kidole. Hesabu za Ulaya na Marekani zasema hivi: katika watoto 100 wa mama mwenye kisukari cha aina ya kwanza, wapatao 3 hupatwa na ugonjwa huo. Katika watoto 100 wa baba mwenye ugonjwa huo, hupatwa wapatao 6. Soma tena hesabu hizo, msomaji. Mama, ambaye ndiye anayerudishwa kwao, anayenyimwa usemi barazani, anayeambiwa kwamba tumbo lake limeleta mkosi, hatari itokayo kwake ni kama nusu ya ile itokayo kwa baba! Sisemi hivi ili lawama ihame kutoka kwa mwanamke iende kwa mwanamume. Nasema ili uone jinsi lawama isivyotafuta ukweli, hutafuta mnyonge.

Na hata huyo baba ana kosa gani? Watoto 94 kati ya 100 wake hawapatwi. Zaidi ya hayo, katika nchi hizo hizo, wagonjwa wapya wapatao 85 au zaidi katika kila 100 hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu. Ugonjwa hubisha hodi nyumbani ambamo haujawahi kuonekana. Basi yule anayechunguza ukoo kabla ya posa, akaukuta hauna mgonjwa, akaondoka ameridhika, hakujua kwamba watoto wengi wanaopatwa hutoka katika nyumba kama hizo alizozisifu. Tena ziko jeni katika kundi hilo hilo la HLA ambazo humkinga mtu, na mzazi mmoja aweza kumrithisha mtoto huyu hatari na mtoto yule kinga. Ukoo si kisima kimoja chenye maji ya namna moja. Ni mto wenye vijito vingi, na kila mtoto huteka kwa kata yake.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa Afrika hatuna budi kulishika. Sehemu kubwa ya maarifa niliyoyaeleza ilipatikana kwa kuchunguza damu ya watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini juu ya watu 894 walioanza kuugua wakiwa vijana na kuhesabiwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Wapatao theluthi mbili hawakuonekana na kingamwili zile za kawaida, na jeni zao za hatari zilikuwa chache kuliko za wale wenye kingamwili. Maana yake ni kwamba huenda wengi wa vijana hao wana ugonjwa wa namna nyingine, ambao chanzo chake hakijajulikana. Tazama basi ajabu hii: mabingwa wenye mitambo yao wanakiri kwamba bado wanatafuta, lakini jirani aliyeketi kibarazani na kikombe cha chai amekwisha kupata jibu, tena amelipata bila kupima hata tone la damu!

Pengine utaniuliza: ikiwa damu haina hatia, mbona wataalamu huwapima jamaa za wagonjwa? Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo moyo wa insha yangu. Kupima si kuhukumu. Mtoto mwenye kingamwili za aina mbili au zaidi yumo katika hatari kubwa: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto 70 katika 100 wa namna hiyo waliugua ndani ya miaka kumi, hali wale wenye kingamwili ya aina moja tu walikuwa wapatao 15. Mwenye kujulikana mapema huangaliwa, naye hafikishwi hospitalini mahututi mara nyingi kama yule ambaye ugonjwa umemshtukiza. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo teplizumab. Haiponyi, lakini katika majaribio iliuahirisha ugonjwa kwa muda upatao miaka miwili kwa jamaa za wagonjwa waliokuwa na kingamwili. Mtaalamu huuliza habari za ukoo ili apate kuokoa; msengenyaji huuliza habari hizo hizo ili apate kutenga. Kisu ni kimoja, lakini mkono wa tabibu si mkono wa mwuaji.

Wala usidhani kwamba maneno ya kusengenya ni upepo mtupu usiodhuru. Maneno huua, na njia yake ni hii. Jamaa wakiogopa kutajwa, huficha. Mtoto huona kiu isiyokwisha, hukojoa mara kwa mara usiku na mchana, hukonda ingawa anakula, na huchoka bila kazi. Wazazi huyaona hayo yote, lakini huogopa kulitamka jina la ugonjwa. Wengine humpeleka kwa mganga kuondolewa husuda. Wengine humpa dawa ya malaria aliyoinunua jirani. Siku chache baadaye mtoto hutapika, hupumua kwa kasi na kwa nguvu, pumzi yake hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, kisha huzimia. Hapo asipopata insulini hufa. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi nauliza: ni nani aliyemfundisha mficha maradhi kuficha? Ni sisi tulioifanya damu ya watu kuwa mashtaka.

Hebu linganisha tabia hii na ya watu waliotutangulia katika kazi njema. Kabla ya mwaka 1922, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa maiti anayengojewa. Januari ya mwaka huo, mjini Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na J. J. R. Macleod. Aliishi miaka 13 zaidi. Banting, Best na Collip waliipata haki ya ugunduzi huo, wakaiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, ili dawa hiyo isiwe mali ya mchoyo mmoja. Walipomkuta kijana amekonda amelala kitandani hawakuuliza upande wa nani umeleta ugonjwa. Waliuliza nini kifanywe.

Swali hilo ndilo linalofaa kuulizwa katika shule zetu. Wewe usomaye insha hii huenda unakaa dawati moja na mwenye ugonjwa huu bila kujua. Mwanafunzi aombaye ruhusa ya kwenda msalani mara nyingi katika kipindi kimoja si lazima awe mtoro; aombaye maji kila saa si lazima awe mkaidi. Mwalimu anayemwadhibu kabla ya kumwuliza, na sisi walimu tusijitoe katika hili, anaiadhibu dalili. Ukimwona mwenzako akijidunga kabla ya chakula, usimsingizie kwamba anatumia dawa za kulevya. Ukimwona ghafla anatetemeka, anatokwa na jasho na maneno yake yanapotea, huenda sukari yake imeshuka kupita kiasi. Ikiwa bado ana fahamu na aweza kumeza, mpe kinywaji chenye sukari upesi, kisha umwite mwalimu. Ikiwa amezimia, usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali.

Na siku yako ya kuoa au kuolewa itakapofika, utawasikia tena wale wa "damu ya kwao". Wasikilize kwa adabu, kwa kuwa wengine watakuwa wazee wako. Kisha uwaulize kwa adabu hiyo hiyo: katika watoto 100 wa mzazi mwenye ugonjwa huu, wangapi hupatwa? Ikiwa hawajui, waeleze. Hapana ukoo usiobeba jeni yenye hatari ya ugonjwa fulani. Tofauti ni kwamba wengine yao yamejulikana na wengine yao yamesitirika. Anayetafuta ukoo usio na ila yoyote atakufa mseja.

Jeni hatukuziomba, wala hatukuzichagua, wala wazazi wetu hawakuzichagua. Kisichochaguliwa hakina hatia. Bali maneno tunayachagua, na uamuzi wa kumpeleka mtoto hospitalini leo au kesho tunauchagua, na kumtenga mgonjwa au kumsogeza karibu pia tunachagua. Ukitaka kutafuta hatia, itafute huko. Iache damu ifanye kazi yake, nawe ufanye yako.